Maswali ya Wasomaji: Tairi la Pikapu Inayovuta Trela

Safari hii tumeziweka pamoja barua zinazouliza jambo moja kwa njia mbalimbali: tairi la pikapu au la trela, na uzito linaoweza kubeba. Wengi mnauliza herufi ya ubavuni inayoonyesha nguvu za tairi. Nifunge C, D au E? Sisi tumeanza na kilo, kwa sababu herufi bila kilo haimsaidii mtu, na hakuna tairi linalobeba kilo bila upepo wake.

SWALI: Nina pikapu ya milango minne iliyokuja na matairi ya P265/75R16 114S. Nataka kuanza kuvuta trela ambalo likijaa lina kilo 2,500. Fundi wa tairi ananiambia nifunge "plai kumi" basi. Je, haya niliyonayo hayafai kabisa?

Ndugu msomaji, fundi wako hajakosea sana, ila amekupa jibu kabla ya hesabu. Tuipige pamoja, na wewe uweke namba za gari lako mahali pa hizi zetu.

Sehemu kubwa ya uzito wa trela inabebwa na magurudumu ya trela lenyewe. Kinachoiangukia pikapu ni uzito wa shingo, yaani ile sehemu ya mbele inayokalia kichwa cha chuma cha kuvutia. Shingo ikiwa nyepesi mno, trela huanza kuyumba kushoto na kulia na kuiburuta pikapu nayo. Ikiwa nzito mno, pikapu hukaa chini nyuma na taa zake hutazama juu. Kwa trela la kawaida linalovutwa na pikapu kubwa, kipimo kinachotumika sana ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, mradi kisizidi kiwango kilichogongwa kwenye chuma cha kuvutia. Tuchukue asilimia 10, yaani kilo 250.

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Mtu huchukua zile 250, akaziongeza kwenye ekseli ya nyuma, akaridhika. Lakini kichwa cha kuvutia hakiko juu ya ekseli, kiko nyuma yake, kwa hiyo kinafanya kazi kama mtaimbo: kinabonyeza nyuma na kuinua mbele. Chukua futi ya kamba upime urefu mara mbili: kutoka kituo cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma, na kutoka gurudumu la nyuma hadi kichwa cha kuvutia. Tuseme umepata mita 3.2 na mita 1.2. Jumla ni 4.4. Zidisha 250 kwa 4.4, gawa kwa 3.2, unapata kilo 344. Hizo ndizo zinazoongezeka kwenye ekseli ya nyuma, na ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 94. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi ukifunga trela.

Sasa peleka pikapu kwenye mizani bila trela, lakini ikiwa na watu, vifaa na tangi lililojaa, kama itakavyokuwa siku ya safari. Tuseme ekseli ya nyuma imesoma kilo 1,500. Ongeza 344, unafika 1,844. Kwanza linganisha na kiwango cha ekseli kwenye kibao cha mlango wa dereva, kinachoandikwa GAWR. Ukikuta umekizidi, usiendelee kusoma. Punguza mzigo, maana hakuna tairi linaloongeza uwezo wa ekseli, springi au breki. Ukiwa ndani ya kiwango, gawa kwa mbili: kila tairi kilo 922. Mzigo haugawanyiki sawasawa kushoto na kulia, kwa hiyo ongeza asilimia 10 kwa upande mzito. Tairi moja la nyuma linapaswa kumudu kilo 1,014.

Turudi kwenye tairi lako. Namba 114 ni namba ya mzigo, na kwenye jedwali inasimama badala ya kilo 1,180. Lakini herufi P mwanzoni inasema hili ni tairi lililopimwa kwa gari la abiria. Kanuni za Marekani, ambako alama hiyo ilitoka, zinataka uwezo wa tairi la P ugawanywe kwa 1.10 likifungwa kwenye pikapu au trela, kwa sababu magari hayo hupakiwa vibaya zaidi na huyumbisha tairi zaidi. Gawa: unabaki na kilo 1,073. Unahitaji 1,014. Akiba yako ni kilo 59, uzito wa mtu mmoja mwembamba. Kwa hesabu tupu tairi linapita. Kwa safari ya saa tano juani, na shimo moja lisiloonekana, sisi hatungelitegemea.

Matairi yanayoanza na LT, yaliyoundwa kwa malori mepesi, kwa saizi hiyohiyo yanapatikana hivi: LT265/75R16 ya C ina namba 112, sawa na kilo 1,120 kwa upepo wa PSI 50. Ya D ina 119, kilo 1,360 kwa PSI 65. Ya E ina 123, kilo 1,550 kwa PSI 80. Kwa mzigo wako tungechagua D bila kusita, maana inakupa zaidi ya kilo 340 za akiba na haiigeuzi pikapu kuwa mkokoteni siku isiyo na mzigo. E ifunge kama D haipatikani, au kama umeshapanga trela zito zaidi. C inapita kwa kilo 106 tu, na ukishaingia gharama ya kubadilisha matairi manne, hapo si pa kubania.

Kuhusu neno "plai kumi": hesabu hiyo ni ya zamani, ya enzi za nyuzi za pamba. Leo tairi la E linaitwa plai 10 kwa nguvu zake, si kwa idadi ya matabaka. Lisome ubavuni: mara nyingi utakuta matabaka mawili au matatu ya poliesta, na ya chuma chini ya meno. Hujaibiwa.

SWALI: Niliondoa matairi ya P nikafunga LT ya E, nikajaza PSI 35 kama kibao cha mlango kinavyosema. Nikifunga trela, gari linateleza kiuno kama limepanda juu ya godoro, na matairi yanapata moto. Si niliambiwa E ni imara zaidi?

Ni imara zaidi likipewa upepo wake. Kinachobeba gari ni hewa iliyobanwa. Mpira na nyuzi ni mfuko wa kuishika hewa hiyo. Mfuko mnene usiojazwa hubeba kidogo kuliko mfuko mwembamba uliojaa.

Angalia namba zilezile za juu. Tairi la P265/75R16, hata baada ya kupunguzwa, linabeba kilo 1,073 kwa PSI 35 za kibao cha gari. LT ya saizi hiyo inahitaji PSI 50 ili ifike kilo 1,120. Maana yake kwa PSI 35 uko chini sana ya hapo. Umetoa tairi linalotosha, ukaweka lenye nguvu zaidi, ukaishia na uwezo mdogo. Ubavu unakunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, kukunjika huko kunazaa joto, na joto ndilo linalotenganisha mkanda wa chuma na mpira unaouzunguka. Tairi linapobanduka ngozi barabarani, mara nyingi kazi hiyo ilianza kilomita nyingi nyuma.

Kibao cha mlango kiliandikwa kwa tairi lililotoka na gari. Ukibadilisha aina ya tairi, tafuta jedwali la mzigo na upepo la kampuni iliyotengeneza tairi lako jipya. Kampuni nyingi huyatoa, nayo hufuata viwango vya TRA vya Marekani, ETRTO vya Ulaya au JATMA vya Japani. Tafuta saizi yako, shuka hadi kilo ulizozipata kwenye mizani kwa tairi moja pamoja na ile asilimia 10, usome PSI. Usikisie. Ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja itakuwa na upepo wake.

Usikimbilie PSI 80 kwa kila safari pia. Hiyo ni ya kubeba kilo zote 1,550. Pikapu tupu kwa PSI 80 inarukaruka, inakanyaga kwa katikati ya tairi tu, inakula meno ya katikati, na kwenye lami yenye maji breki zinapungua nguvu kwa sababu sehemu inayogusa barabara ni ndogo. Weka viwango viwili: cha siku ya trela na cha siku za kawaida, na hiki cha pili kisishuke chini ya kile ambacho jedwali linakutaka ili tairi jipya libebe walau kilo zilezile alizokusudia mtengenezaji wa gari.

Kabla hujapandisha upepo, kagua vitu viwili ambavyo huwa havitajwi dukani. Cha kwanza ni valvu. Ile ya mpira ya kawaida inayochomekwa kwenye rimu, aina ya TR413, mwisho wake ni PSI 65 baridi. Kwa upepo wa juu zaidi inatakiwa valvu ya mpira ya upepo mkubwa kama TR600HP, au ya chuma inayofungwa kwa nati. Tumia nafasi hiyo tairi linapovuliwa. Kuivua tena kwa ajili ya valvu ni kazi mara mbili. Cha pili ni rimu. Nyingi zina uwezo wa uzito uliogongwa nyuma au ndani ya tundu, na rimu za urembo hasa zinaweza kuwa na uwezo mdogo kuliko tairi. Tairi la kilo 1,550 juu ya rimu ya kilo 1,100 ni tairi la kilo 1,100.

SWALI: Dukani nimeona tairi limeandikwa 195R15C 106/104. Hiyo C ndiyo ile C ya plai 6?

Hapana. C iliyogandana na saizi yenyewe inasema ni tairi la gari la biashara kama basi dogo la abiria au gari la mizigo mepesi, na nyingi za saizi hiyo huandikwa 8PR, yaani nguvu ya plai 8. Herufi ya uwezo, C, D au E, huandikwa peke yake baada ya maneno LOAD RANGE. Ukichanganyikiwa, acha herufi zote utazame namba ya mzigo. 106 ni kilo 950 kwa tairi lililo peke yake, na 104 ni kilo 900 likiwa kwenye jozi, yaani mawili upande mmoja.

Hata herufi ileile haimaanishi uzito uleule kwenye saizi tofauti. LT225/75R16 ya E inabeba kilo 1,215, na LT265/75R16 ya E inabeba 1,550. Zote ni E, zote PSI 80. Anayekuuzia kwa herufi tu anakuficha kilo 335, hata kama hajui.

SWALI: Trela langu lina ekseli mbili, linatumia ST205/75R15 za C, nalo likijaa lina kilo 2,800. Kwa mwaka mmoja limepasua matairi matatu, yote ya ekseli ya nyuma. Hesabu yangu inaonyesha niko salama kabisa. Kosa liko wapi?

Hesabu yako ni sahihi kwa trela lililokaa sawa. Tatu zikipasuka ekseli moja, shaka ni kwamba lako halijakaa sawa.

ST ni tairi lililoundwa kwa trela tu. ST205/75R15 ya C inabeba kilo 825 kwa PSI 50. Ukitoa asilimia 10 ya shingo, magurudumu manne yanabaki na kilo 2,520, kila moja 630. Akiba inaonekana nono. Sasa simama kando ya trela likiwa limefungwa na limejaa, kwenye sakafu tambarare, upime kimo cha chasisi kutoka chini, mbele kabisa na nyuma kabisa. Kama mbele iko juu, uzito unalalia ekseli ya nyuma. Tuseme ekseli hiyo inabeba asilimia 60: ni kilo 1,512, kila tairi 756. Ongeza asilimia 10 kwa upande uliopakiwa zaidi, unafika kilo 832. Tairi la kilo 825 limeshazidiwa, na hapo bado hatujauliza upepo. Kama unajaza PSI 40 "ili lisiruke", limezidiwa zaidi.

Trela lenye springi za mapande lina kisawazishi, kile chuma cha katikati kinachounganisha springi za ekseli mbili na kupokezana mzigo. Kinasaidia sana kikiwa huru. Kikikwama kwa kutu, bushi zikiisha, au kikifika mwisho wa mchezo wake kwa sababu trela limeinama, kila ekseli inajitegemea. Kitikise kwa mtaimbo trela likiwa tupu na limeinuliwa. Kikigoma, umempata mchawi. Trela lenye ekseli za mpira wa ndani halina kabisa kisawazishi hicho, kwa hiyo kukaa sawa ni lazima kuliko mahali pengine popote.

Fanya kwa mpangilio huu. Shusha au pandisha kichwa cha kuvutia hadi trela likae tambarare likiwa na mzigo. Pima kila ekseli peke yake kwenye mizani. Magari mengi hupimwa kwa jumla na jumla ndiyo iliyokudanganya. Jaza tairi za trela hadi upepo ulioandikwa ubavuni, zikiwa baridi. Tairi la trela halihitaji kukupa raha ya kukaa, na ubavu mgumu unapunguza kuyumba. Hayo yote yakitimia na namba bado zinabana, panda hadi ST225/75R15 ya D, yenye kilo 1,150 kwa PSI 65. Kumbuka kwamba tairi hilo limezidi lako kimo kwa karibu milimita 30 na upana kwa 20. Pima nafasi kati ya tairi la mbele na la nyuma, na kati ya tairi na madigadi, springi zikiwa zimebonyea. Rimu nayo iwe na uwezo huo.

Jambo la mwisho ni mwendo. Tairi la ST lisilo na herufi ya mwendo limekusudiwa lisipite kilomita 105 kwa saa. Pikapu ya leo inapita hapo bila dereva kusikia. Na kwa kuwa wengi mnauliza: tairi la ST lisifungwe kwenye pikapu hata kwa dharura, maana halikuundwa kusukuma gari wala kulipinda. Tairi la LT kwenye trela linaruhusiwa, la P pia, ila hilo la P ligawe kwa 1.10 kama tulivyofanya juu.

SWALI: Nikisimama njiani napima upepo nakuta umepanda. Nilijaza 65, geji inasoma zaidi ya 70. Napunguza, lakini mwenzangu anasema nakosea. Nani yuko sawa?

Mwenzako. Viwango vyote, vya ubavuni na vya jedwali, ni vya tairi baridi: gari limesimama kwa muda wa saa tatu, au limetembea chini ya kilomita mbili. Hewa ikipata joto inapanda, na mtengenezaji ameshaihesabia nafasi. Ukiipunguza ikiwa moto, kesho asubuhi utakuwa na tairi la PSI 58 ukidhani ni 65, na safari ya pili litapata moto zaidi ya jana, utapunguza tena. Hivyo ndivyo tairi zima linavyouawa.

Kipimo cha njiani kitumie kulinganisha. Matairi ya ekseli moja yanapaswa kupanda kwa kiasi kinachokaribiana. Pitisha kiganja karibu na kila tairi na kila kituo cha gurudumu. Tairi moja likiwa na joto kuliko wenzake, lina upepo mdogo au limebebeshwa zaidi. Kituo cha gurudumu kikiunguza, tafuta breki inayokwaruza au beringi. Na tairi lililotembea na mzigo likiwa chini ya asilimia 80 ya upepo wake, mfano chini ya PSI 52 pale ilipotakiwa 65, lisijazwe tu likarudi barabarani. Livuliwe litazamwe ndani.

SWALI: Pikapu yetu ya kazi ina matairi mawili mawili nyuma. Ubavuni imeandikwa 123/120. Naomba kujua nitumie namba ipi, na kwa nini la ndani huisha kabla ya la nje.

Dada yetu, mbele tumia 123, nyuma 120. Namba ya kwanza ni ya tairi lililo peke yake, kilo 1,550. Ya pili ni ya tairi lililo kwenye jozi, kilo 1,400. Matairi manne ya nyuma yanakupa kilo 5,600, ambazo zitaizidi ekseli yako yenyewe, kwa hiyo kikomo chako ni kibao cha mlango.

Namba inashuka kwa sababu jozi haigawani mzigo kwa haki. Barabara imeinuka katikati, tairi moja lina upepo zaidi, jingine limeisha zaidi. Muda wote kuna linalobeba kuliko ndugu yake. La ndani, tena, halipati upepo wa kulipoza, liko karibu na breki, na ndilo ambalo geji hailifikii kirahisi, kwa hiyo halipimwi. Hapo ndipo penye jibu la swali lako. Funga mipira mirefu ya valvu kwa ya ndani ili iweze kupimwa bila kuvua la nje. Usilinganishe kwa kupiga teke wala kwa rungu. Tairi la jozi lililokwisha upepo hushikiliwa na mwenzake na huonekana zima, huku mwenzake akibeba mzigo wa wawili.

Kipenyo cha matairi ya jozi kisitofautiane zaidi ya milimita 6. Zungusha futi ya kamba katikati ya meno ya kila tairi, kisha gawa mzingo kwa 3.14. Tairi jipya kando ya lililochakaa litabeba sehemu kubwa ya mzigo.

SWALI: Nimepata matairi manne ya E yaliyotumika, meno bado marefu. Yameandikwa 1416 mwisho wa maneno ya ubavuni yanayoanza na DOT, na moja limezibwa pancha. Niyachukue kwa kuvutia trela?

1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Viwanda vingi huweka miaka 10 kuwa mwisho wa tairi lolote, liwe na meno au halina, na baada ya mwaka wa 5 hutaka likaguliwe na fundi kila mwaka. Meno marefu kwenye tairi la zamani yanaweza kuwa na maana kwamba lilikaa limesimama juani, na jua hukausha mpira kuliko barabara. Kwa trela tusingeyachukua. Kwa kubeba vifaa mjini kwa mwendo mdogo, huenda, baada ya kuyavua.

Hilo lililozibwa lina masharti yake. Tundu liwe kwenye meno, si begani wala ubavuni, lisizidi milimita 6, na liwe limezibwa kutoka ndani kwa kiraka chenye mkia unaojaza tundu. Utambi uliosukumwa kutoka nje bila kuvua tairi unakufikisha kwa fundi, hauvuti trela.

Mwambie fundi ayavue mbele yako, kisha ingiza tochi ndani ya kila moja. Pitisha vidole kuzunguka ubavu wa ndani, upana wa vidole vitatu kutoka ukingo wa rimu. Panapaswa kuwa laini na pa rangi moja. Ukikuta mstari wa kijivu uliozunguka, mpira uliokwaruzika kama umepigwa msasa, au unga mweusi unaoshika vidoleni kama pilipili manga iliyosagwa, tairi hilo lilishatembea na mzigo bila upepo. Nyuzi zake zimekatika ndani kwa ndani, na nje halitaonyesha chochote mpaka siku utakapolijaza PSI 80. Liache hapohapo kwa fundi, likatwe lisije likauzwa kwa mwingine.